Magunia ya Mzee Leopold

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Koo limejaa vumbi la mahindi. Leo tumefagia ghala la Kihagara, kwa ufagio na koleo. Mahindi tuliyoshusha Desemba ya mwaka jana yamekuwa unga yenyewe, bila mashine. Dumuzi! Methodi, dereva wetu, alichota kiganja kimoja akapuliza, mkononi yakabaki maganda. Akasema hawa wadudu wangekuwa wanachama wa ushirika wangekuwa na hisa nyingi kuliko sisi.

Cheo changu ushirikani ni afisa ugavi. Ugavi gani huu wa kuwagawia wadudu?

Matroni Benadetha wa bweni la wasichana alisimama mlangoni akitutazama. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Machi iliyopita mahindi yalipoharibika alilazimika kufunga bweni na kuwarudisha wasichana makwao. Wengine hawajaonekana hadi leo. Mmoja, Jacqueline, alimfuata mwenyewe kwao Mbaha, akakuta mahari inazungumzwa, akarudi naye. Sasa wazazi wamekata shauri: chakula kikikatika tena masika yajayo, bweni linafungwa moja kwa moja, na kila mtoto atembee kutoka kwao. Wa Mbaha atatembea saa ngapi, na atafika darasani akiwa na nguvu gani?

Na kila mwaka ni vilevile. Tunajaza ghala la Kihagara hadi kwenye kenchi kabla ya Noeli, kwa sababu masika barabara inakatika. Ndivyo walivyofanya waliotutangulia. Lakini lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ipo! Tunapanga kana kwamba bado tunashuka kwa minyororo kwenye matairi. Mahindi yanakaa kwetu Matiri, milimani kwenye baridi, bila shida, sisi tunayakimbiza kwenye joto la ziwani yakaharibike mapema.

Hata hivyo jioni imeniponya. Benadetha alitukaangia usipa, dagaa wa ziwani, tukala na ugali wa muhogo, upepo unatoka ziwani. Asante Mungu kwa watu wanaokulisha siku uliyowaangusha.


Alhamisi, 14 Novemba

Kikao cha kamati. Nimetoka na nilichokitaka, na bado nina hasira!

Nilisema hivi: mahindi yabaki Matiri. Lori lishuke mara nyingi na mzigo mdogo, la bweni na la maduka ya ufukweni, watu wale mahindi mapya. Nilikuwa nimejiandaa na mfano wa ngolo, kilimo chetu cha mashimo. Sisi Wamatengo, nikawaambia, hatuchimbi shimo moja kubwa juu ya mlima tukangoja mvua ilijaze. Tunachimba mashimo madogo mlima mzima, kila shimo linakamata maji yake, ndiyo maana udongo wetu haujahamia ziwani. Kwa nini chakula tukiweke kwenye shimo moja? Katibu aliitikia kwa kichwa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Mzee Leopold, mwenyekiti wetu, alinisikiliza hadi mwisho kama kawaida yake, miwani mkononi.

“Ngolo ni mashimo mengi na majembe mengi, mwanangu,” akasema. “Wewe una lori moja.”

Hapo ndipo hasira ilipoanzia.

Halafu gharama. Lori likishuka mara nyingi linarudi mara nyingi, na linarudi tupu. Nikasema lirudi na usipa. Huku milimani shule zinawataka, maduka yanawataka, na Kwaresima ndiyo usiseme. Ukumbi ukaguna. Lori la ushirika halibebi samaki! Zamani, kabla sijaajiriwa, kahawa ilipakiwa kwenye lori lililotoka ziwani, na waonjaji walipoionja wakaandika kwamba inanuka dagaa. Kahawa inanyonya kila harufu iliyo karibu. Tangu hapo samaki ni marufuku, na aibu ile inasimuliwa hadi misibani.

Nikauliza: kahawa tunabeba Julai hadi Oktoba. Januari lori likinuka, linamnukia nani? Wakacheka. Hata Mzee akatabasamu. Tumekubaliana nijaribu hadi mwisho wa Aprili, kisha lori lioshwe kwa maji ya moto na majivu, na yeye mwenyewe aje kulinusa.

Basi ningeondoka nikiimba. Lakini Mzee akaweka sharti. Magunia sita ya mahindi makavu yapelekwe Kihagara kabla ya Noeli, yapangwe juu ya mbao, yasiguswe. Si ya bweni, si ya kuuza. Nikamuuliza sasa ni ya nini. Akasema ni ya kukaa.

Ya kukaa! Nimepigania mpango huu mwezi mzima, halafu anawawekea dumuzi zawadi ya Krismasi. Nyumbani Izidori alicheka hadi akaweka kikombe chini. Alisema wanaume wengine wana wake wanaonuna kwa kunyimwa; wa kwake ananuna kwa kupewa na nyongeza. Namshukuru Mungu kwa mume huyu, lakini leo asinisogelee.


Jumapili, 8 Desemba

Safari ya kwanza imekwenda vizuri. Tulitoka Matiri na ukungu, tukapita Mbinga watu wakienda misa ya kwanza, tukashuka zile kona masikio yakaziba, na ziwa likatokea lote kwa pamoja. Mimi kila nikiliona nashika mlango wa gari. Maji mengi kiasi kile hayana sababu!

Kutoka Mbamba Bay lami inaisha, tukaifuata ya vumbi kupitia Liuli hadi Kihagara. Tukashusha mahindi ya bweni na ya maduka. Na magunia sita ya Mzee, juu ya mbao, kwenye kona. Nimeyafunika turubai ili nisiyaone.

Kisha tukarudi tupu hadi mwaloni Mbamba Bay, soko la ufukweni wanakonunua usipa watu wote, tukapakia kwa mama mmoja anaitwa Asteria. Usipa wake anawaanika juu ya chanja, si chini, hawana mchanga hata kidogo. Nilimuuliza anaweza kunipa magunia mangapi kila safari. Akanitajia. Nikamwuliza bei, tukavutana kidogo, tukaelewana. Ana cheko la kusikika hadi barabarani. Methodi amepakia akiwa ameziba pua kwa kofia, na yeye ndiye anayekula usipa kuliko watu wote ninaowajua.

Nimefurahi. Lori limeshuka limejaa na limepanda limejaa. Kitu kidogo hicho, lakini nimekingoja miaka.


Ijumaa, 24 Januari 2025

Kihagara tena. Shule imefunguliwa, bweni limejaa. Jacqueline amefika—kidato cha tatu sasa, mrefu kunishinda. Aliniamkia, shikamoo mama, kisha akaniambia mahindi ya safari hii yanatoa ugali mweupe, na kwamba ugali wa mwaka jana ulikuwa unaweza kutembea wenyewe. Nilicheka hadi machozi. Mengine hayakuwa ya kicheko.

Niliingia ghalani kuona kama magunia ya Mzee yameanza kuliwa na wadudu. Bado mazima. Nikamwambia Benadetha kwamba simwelewi mzee huyu, magunia sita ya kutazamwa! Yeye akaketi juu ya mbao akanisimulia, na aliyoyasikia yeye ni kwa wazee wa hapo kijijini.

Kumbe Mzee Leopold ujanani aliajiriwa hapa. Mtunza ghala, ghala hilihili. Mwaka mmoja lori lilichelewa kushuka, mvua zikawahi, barabara ikakatika kabla ghala halijajazwa. Watu walikuja na vikapu. Yeye ndiye mwenye ufunguo, wakaamini amewaficha mahindi. Basi akafungua mlango wote wazi, akawaambia waingie wajionee. Wakaingia, wakaona sakafu. Kuna watoto walizikwa mwaka ule. Barabara ilipopitika alipanda kwao Matiri na hajakanyaga Kihagara tena.

Miaka yote hii nimesikia “ghala lijae kabla ya Noeli” nikadhani ni mazoea tu ya watu wasiopenda kufikiri. Nimeliondoa lile turubai. Magunia yakae yaonekane.


Jumanne, 25 Februari

Mvua, mvua, mvua. Safari zote zimefika. Shule za huku zimeanza kuulizia usipa wa Kwaresima kabla ya Majivu. Kwenye kamati Mzee aliniuliza swali moja tu: magunia yapo? Yapo, mzee. Akaendelea na ajenda.

Izidori ameniletea kahawa mezani bila kuombwa. Nimeandika ili siku akikataa nimsomee.


Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu

Daraja limekwenda.

Lile dogo, ukishapita Liuli. Tulilikuta halipo, mto umejipanua, na nguzo moja imesimama katikati. Watu wa ng'ambo ya pili walitupungia mikono, nasi tukawapungia, basi. Kuhusu njia ya kuzungukia Lituhi, Methodi alipiga simu, wamemwambia asithubutu.

Tumegeuza hadi Mbamba Bay na mahindi yote juu. Benadetha amenieleza kwenye simu kwamba bweni lina chakula cha siku mbili, tatu akipunguza. Hakuyataja magunia ya Mzee, na mimi sikuyataja. Nikiyagusa leo, wiki ya kwanza tu ya taabu, mpango wangu umekufa. Watasema si tulikwambia. Na watakuwa na haki: mwaka jana ghala lilikuwa na mahindi mabovu, mwaka huu halina kabisa.

Lori moja. Mzee alisema kweli.

Nimepakwa majivu kanisani hapa jioni, paji la uso limelowa mvua, yakachuruzika hadi puani. Sijasali vizuri. Nimesema tu, Bwana, wale watoto.


Alhamisi, 6 Machi

Ngoja niandike polepole, nisiruke kitu kwa furaha.

Asubuhi nilikwenda mwaloni kumwambia Asteria kwamba leo sinunui, lori bado limejaa mahindi. Nikamkuta anapanga magunia ya usipa. Mapya, usipa wamekauka vizuri, ila magunia chini yamelowa kidogo. Nikampa pole kwa mvua na nikamuuliza ameanikia wapi na hali hii. Akasema kwake, chini ya bati. Kwake wapi? Kihagara.

Kihagara!

Nikamuuliza amepitaje na daraja limekwenda. Akanitazama.

“Daraja gani?” akasema. “Mimi nakuja kwa maji, dada. Siku zote.”

Nilikaa chini kwenye mchanga. Tangu Desemba nanunua usipa wa Kihagara! Lori langu linashusha mahindi Kihagara, linapita karibu na chanja zake, linarudi tupu njia yote ya vumbi hadi Mbamba Bay, kupakia samaki waliotoka kulekule na kutangulia kwa boti. Nilimuuliza magunia mangapi. Nilimuuliza bei. Yametokea wapi sikuuliza, kwa sababu samaki si wanatoka ziwani? Na ziwa kwangu ni lile eneo la bluu ukutani ofisini, ambapo barabara zote zinakoma. Mmatengo akifika ziwani amefika mwisho. Wenzetu hapo ndipo wanapoanzia.

Nikamuuliza boti ikishashusha usipa inarudi Kihagara na nini. Akasema inarudi na wao wenyewe.

Boti tupu! Siku zote hizo!

Methodi na vijana wa mwaloni wamepakia magunia manne ya mahindi, ndiyo uwezo wa boti na hali hii ya ziwa. Asteria mwenyewe ameondoka nayo pamoja na kaka yake Protasi anayeendesha mashine. Nilitaka kwenda nao. Mguu mmoja nikautia majini, wa pili ukakataa.

Alasiri Benadetha akapiga. Yamefika. Wasichana wameyabeba kichwani kutoka ufukweni wakiimba wimbo wa Kwaresima kwa mwendo wa harusi. Asante. Asante. Sina neno jingine.


Jumapili, 9 Machi

Nimebaki Mbamba Bay, nyumba ya wageni ya parokia. Methodi amepanda Matiri kuleta mengine. Boti itarudi Jumanne kuchukua ya hapa. Nimempigia Mzee Leopold nikamweleza yote, daraja na boti na ujinga wangu wa Kihagara. Hakucheka. Aliuliza magunia yapo? Yapo, mzee, sijayagusa. Akasema vizuri, akanitakia Jumapili njema.

Taarifa kutoka bwenini: ugali unanuka usipa. Boti ilikuwa haijaoshwa vizuri na magunia yamevuta harufu. Jacqueline amesema kwenye simu ya matroni kwamba wameokoa mboga, unameza tonge na kitoweo kimo ndani. Wengine wamegoma kidogo, kisha njaa ikawashauri. Sijui nitamwambia nini mwenyekiti aliyepiga marufuku samaki maisha yake yote.

Leo misani nilimshukuru Mungu kwa harufu ile. Kwa kweli nilimshukuru.


Jumatano, 12 Machi

Upepo wa kaskazini tangu jana. Boti zote zimevutwa juu mchangani. Mahindi yapo hapa, yamefunikwa. Ziwa linapiga kelele hata nikiwa kanisani.


Ijumaa, 14 Machi

Bado.

Yale manne yameisha. Maduka ya Kihagara nayo yameisha, na mashamba ya muhogo ya bondeni yamekaa ndani ya maji. Nilisema boti ndiyo jibu! Nikashangilia, nikaandika kurasa mbili. Wiki moja tu, na boti nayo imekaa mchangani. Nilibadilisha barabara moja kwa barabara nyingine, nikaona nimekuwa na akili.

Asubuhi Benadetha alipiga. Sauti yake ya chini, ya mtu aliyejifungia chumbani. Alisema afungue au asifungue. Nikamwambia afungue. Akasema si hilo tu: kina mama wa kijijini wamekaa nje ya ghala na vikapu, wameambiwa kuna magunia ya Matiri ndani. Akiwapa wote, sita si kitu. Akiwanyima, wasichana watakula huku wadogo zao wanawachungulia dirishani.

Hilo halikuwa langu kuamua. Nikampigia Mzee Leopold. Nilianza na shikamoo, nikaongea bila kupumua: daraja, upepo, wasichana, magunia tunayafungua, naomba radhi, halafu wapo kina mama nje na vikapu, tufanyeje?

Nilidhani mtandao umekatika, nikaita mzee, mzee.

“Nipo,” akasema. “Waambie waingie. Wakute kitu.”

Akakata.

Nimekaa kitandani nikalia. Na si kwa huzuni peke yake. Magunia yale niliyafunika turubai nisiyaone! Leo ndiyo chakula pekee kati ya Liuli na Mbaha ninachoweza kukisemea. Mungu ambariki mzee yule na ukaidi wake. Mungu ambariki na neno lake la “kukaa”.


Jumamosi, 15 Machi

Benadetha anapima kwa kikombe, nyumba kwa nyumba, wajawazito na wenye watoto wachanga kwanza. Wasichana wenyewe ndio wameshauri wapunguziwe tonge. Hakuna aliyerudishwa kwao. Wazazi wawili wa kamati ya bweni walifika kuangalia kama ni wakati wa kufunga. Wakakuta kina mama wanatoka ghalani na vikapu vizito. Wameondoka, na bweni halijafungwa.

Upepo uleule.


Jumatatu, 17 Machi

Naandika nimekaa juu ya gunia la mahindi, mwaloni Mbamba Bay. Jua linachomoza. Ziwa limetulia, siamini; Asteria na Protasi wameshafika na boti.

Bwenini limebaki gunia moja, nalo nusu. Alfajiri nilipotoka nje ya nyumba ya wageni nikakuta Fuso limesimama, Methodi amelala kwenye usukani, na kando ya lori mzee amevaa koti la kanisani. Mzee Leopold! Wamesafiri usiku kucha na mzigo mpya. Nilipiga magoti karibu nianguke, shikamoo mzee. Marahaba, mwanangu. Akaniuliza kama nimekula. Sijala. Akatoa viazi vya kuchemsha kwenye mfuko wa koti, mkewe alivifunga kwa ajili yangu. Nilisubiri aukemee mpango wangu, hakuukemea.

Mimi ndiye niliyeanza. Nilimwambia mwakani nataka yote: mahindi yakae Matiri, lori lishuke mara nyingi, boti ya Asteria ipakiwe kwenda na kurudi, na magunia ya kukaa yasiwe sita, yawe mengi zaidi, na kila muhula yaliwe yawekwe mapya ili dumuzi wasiyazoee. Akasema hayo ni ya kamati. Kisha akasema anakwenda nayo mwenyewe.

Na nini, mzee? Na haya magunia. Anataka kuyapanga juu ya mbao kwa mkono wake.

Protasi alimtazama mzee, akatazama ziwa, akatazama tena mzee. Mzee Leopold amevua viatu, soksi kaziweka ndani ya viatu, suruali kakunja hadi magotini. Miguu yake myeupe kwa vumbi la Matiri. Alimuuliza Asteria mtu asiyejua kuogelea anakaa wapi. Asteria akasema katikati, juu ya magunia. Nami nikasema basi tutakuwa wawili katikati. Sijui nilitoa wapi kinywa hicho!

Kabla hajapanda alisimama maji yakimfika kwenye vifundo. Akauliza taratibu kama Kihagara bado yupo mtu wa zamani anayemkumbuka. Asteria alikuwa anafunga kamba, akaacha.

“Mama yangu anakukumbuka,” akasema. “Anasema wewe ndiye uliyefungua mlango. Kasema nikikuona nikwambie uje.”

Mzee alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili, halafu akampa Protasi mkono, akapandishwa.

Sasa tumekaa wote katikati. Mashine imewaka, inakohoa, inawaka tena. Methodi anatupungia kofia kutoka mchangani. Nimeshika gunia kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine, na Asteria ananiambia nifunge daftari, maji yanaruka. Mzee ananivuta kiwiko. Anataka kujua tukishashusha mahindi, boti itarudi na nini.